Macho Niliyoahidi Kuyafuta

Nilikuwa juu ya stuli, nyundo mkononi, msumari mdomoni, suruali imeteremka kidogo kwa nyuma kama ilivyo desturi ya suruali zangu, pale shangazi wa bibi harusi alipouliza swali ambalo hadi leo likinijia bafuni naangusha sabuni.

"Jamani, mbona bibi harusi, bwana harusi na mama mkwe wana macho mamoja?"

Sebule nzima ikaigeukia picha.

Picha ilikuwa kubwa kama meza ya kulia chakula, na ndiyo kwanza nimeitundika. Familia mbili zilikusanyika jioni ile kuipokea. Nikageuka kuitazama kazi ya mikono yangu. Ni kweli. Macho sita, mwenyewe mmoja. Ya kahawia, yametulia, kila moja na kinukta cheupe cha mwanga juu upande wa kushoto.

Niwaeleze. Kazi yetu ina ujanja wake. Mtu akifumba macho kwenye picha nzuri, unakwenda kwenye picha yake nyingine, unakata macho yaliyo wazi, unayapandikiza. Ukikosa, unaazima ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa na jozi moja niliyoihifadhi kwenye kompyuta, kama fundi gari anavyohifadhi spana yake namba kumi na tatu. Ilikuwa jozi ya ajabu. Ilimkaa kila mtu, mtoto kwa mzee. Siku ile ya harusi watu watatu walipepesa, na mimi nilihariri huku nasinzia.

"Macho mamoja ni damu moja," mjomba wa bwana harusi akasema taratibu. "Tumewaozesha hawa watoto, kumbe..."

"Kumbe nini?" Baba wa bibi harusi akasimama. "Malizia, mzee. Kumbe nini?"

Nikatema msumari. "Jamani, msigombane! Ni mimi!"

Watu wote wakanigeukia.

"Ni wewe nini?" mama mkwe akauliza, na mumewe akamtazama kwa jicho ambalo halikuhitaji kuhaririwa.

Nilichukua dakika kumi kueleza kwamba sikuzaa na mtu pale. Mjomba hakuridhika. "Mpiga picha ni shahidi," alisema. "Shahidi hapaki rangi."

"Mzee wangu, si wewe uliyenivuta pembeni ukaniomba nikupunguzie kitambi?"

Walicheka, lakini picha walinirudishia. Nikatoka nayo kichwani kama mchuuzi wa milango.

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nacheka peke yangu njia nzima. Ndivyo nilivyo. Nimefanya kazi kwenye meli za watalii miaka saba, nimefokewa kwa lugha nne ambazo sizijui, na kila mara nilicheka kwanza, nikauliza kosa baadaye. Mtaani wananiita Cheka Kidogo, kwa sababu ndilo neno ninalowaambia wateja kabla ya kubonyeza.

Nilipokata kona ya studio yangu nikaacha kucheka.

Mlangoni palikuwa na mwanamke. Mwembamba, amevaa miwani myeusi ilhali giza linaingia. Kiganja chake kimoja kilikuwa juu ya ukuta, kama mtu anayeusikiliza.

"Tumefunga, dada. Picha za kitambulisho ni asubuhi."

Hakugeuza kichwa.

"Leo umenifungulia matatu kwa mpigo," akanong'ona.

"Matatu gani?"

"Madirisha."

Hapo harufu ikanifikia. Siki. Ile harufu ya dawa ya kuoshea picha, ya enzi za filamu na chumba cha giza. Mimi dawa hiyo sijaigusa miaka kumi na tano...

Ningeweza kukimbia. Lakini mtu mwenye picha ya mita mbili kichwani hakimbii, anapeperuka. Nikafungua mlango, nikawasha taa zote. Aliingia kwa kupapasa. Aligonga kiti, akagonga meza, akasimama katikati ya chumba chini ya taa kali kuliko zote nilizonazo.

"Humu sina dirisha," alisema. "Humu ni giza."

Kisha akavua miwani.

Niliyajua macho yale. Nimeyatazama kwa karibu kuliko ya mke wangu. Nimeyakuza hadi kila unywele wa kope ukawa mnene kama kamba. Lakini sasa hayakutulia. Yalikuwa yanaruka... kushoto, kulia, juu, kushoto... kama ya abiria anayetazama vituo vikipita. Na hayakunitazama mimi hata mara moja.

"Miaka kumi iliyopita ulinipiga picha ya kitambulisho," alisema. "Nilikuambia nini ulipomaliza?"

Nilikumbuka. Binti mmoja, mpole, hakupepesa hata flashi ilipomlipukia usoni. Alikuwa ameinama karibu na kompyuta, ananiomba.

"Uliniambia nifute."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nitafuta."

"Ulifuta, kaka?"

Nje mtu alipita anapiga mluzi. Mluzi ukaisha.

"Yalikuwa macho mazuri," nikasema. Hata mimi nilijisikia aibu kwa jibu lile.

"Bibi yetu alitukataza," aliendelea kwa sauti ileile ya chini. "Alisema picha ya uso wako mtu anaweza kukaa nayo. Ila usikubali akate macho akayapeleke penginepo. Tukamuuliza kwa nini. Hakujua. Yeye pia aliambiwa na bibi yake." Akapapasa ukingo wa meza. "Sasa mimi najua. Kila ulikoyabandika, naona. Nyumba za watu. Vitanda vya watu. Mchana na usiku. Nikifumba, naona. Nikilala, naona. Mahali nilipo mimi tu ndipo sipaoni."

Nataka mjue kwamba mimi si mtu wa kuamini kila kitu. Nimeona wanamazingaombwe wa bandari nyingi, na nusu yao nilikunywa nao chai. Nikajikohoza, nikajaribu utani.

"Basi, dada, niambie huko kunaendaje sasa hivi."

Macho yakaruka. Yakakwama.

"Kwa fundi cherehani," alisema. "Yule mwenye picha akiwa amebeba pacha wawili. Amekwenda uani. Pasi ameiacha juu ya kitambaa cha bluu. Inatoa moshi..."

Fundi yule ni rafiki yangu. Kwenye picha ile mmoja wa mapacha wake alikuwa amesinzia, nami nikamfumbua. Nikapiga simu. Iliita muda mrefu.

"Cheka Kidogo! Vipi?"

"Pasi yako. Nenda ukaangalie pasi yako!"

Nikasikia ndala zinakimbia. Nikasikia mlango. Kisha kelele, na maji, na matusi yasiyoandikika. Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

"Suti ya mteja imeungua bega! Dakika mbili nyingine ningechoma nyumba na watoto ndani. Nani amekuambia?"

Nikamtazama mwanamke. Machozi yalikuwa yanamshuka, macho yanaruka.

Nikakata simu.

"Nifanye nini?" niliuliza. Sasa na mimi nilikuwa nanong'ona.

"Yafunge. Warudishie watu macho yao, hata kama yamefumba. Ukiacha moja, hapa mjini ni picha thelathini na tisa pamoja na hiyo ya leo. Nyuso nakutajia, majina unayajua wewe. Nimechoka. Nataka kulala usiku mmoja."

"Na... ya mbali je?"

Maana nilikuwa nimeyachukua hadi melini. Watalii walipopepesa kwenye chakula cha jioni cha nahodha, niliwapa macho ya binti huyu, wakaenda nayo makwao.

"Yapo. Kuna mahali vitu vyeupe vinaanguka dirishani siku nzima. Kuna mzee anakula peke yake, mezani ameweka sahani mbili. Hayo najua huyafikii. Lakini ya mbali hayanisumbui. Watu wa huko hawanisemeshi."

Akavaa miwani. Akapapasa hadi mlangoni. Hapo akasimama, amenipa mgongo.

"Kuna mmoja tu ananisemesha. Kila asubuhi."

Nikajifanya napanga waya za taa.

"Sijui unamsema nani," nikamwambia.

Nilikuwa najua.

Kesho yake nilianza kazi. Nilichapa upya picha zote thelathini na tisa, kila mtu na macho yake ya siku ile, nikazunguka nazo mtaa kwa mtaa nikidanganya kwamba wino wa mwanzo ulikuwa na kasoro. Bibi harusi alikuwa wa kwanza. Aliitazama picha akiwa amefumba, mumewe amefumba, mama mkwe amefumba, akasema wanaonekana kama watu watatu walioombewa dua mbaya, lakini angalau hakuna tena ndugu ndani yake. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa mkali zaidi.

"Miaka thelathini na tano sijasinzia darasani, leo unanitundika nimelala kwenye sherehe yangu ya kustaafu?"

"Mwalimu, ulipepesa tu."

"Basi nirudishie uongo wangu!"

Nilimwachia picha mpya, ya zamani nikaondoka nayo mbio, huku ananirushia maneno ya daftari zima.

Mtu mmoja tu hakugomba. Mjane wa mwoka mikate. Marehemu mumewe alikuwa amecheka sana siku ya picha hadi macho yakapotea, na mimi kwa ustadi wangu wa kipumbavu nikayafumbua. Mjane aliishika picha mpya kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu na uso, nikajua sasa na huyu ananirukia.

"Ndiye huyu," alisema. "Alikuwa akicheka hivi. Yule mwingine miaka yote nilimwogopa, nikawa namgeuzia mgongo nikibadili nguo. Nilidhani mimi ndiye nimeanza kumsahau."

Nilitoka pale bila utani wowote wa kusema.

Kila jioni nilichoma picha za zamani kwenye pipa nyuma ya studio. Zilinuka siki, zote, ingawa hazijawahi kuoshwa kwa dawa. Na kila karatasi ilipojikunja, macho ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kushika moto. Nilijiambia ni wino. Wino wa kahawia huungua polepole. Sijui kama ni kweli. Nilihitaji iwe kweli.

Siku ya tisa nikafuta faili kwenye kompyuta. Nikakaa. Nikajiambia kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha.

Sebuleni kwangu kuna picha ya mama yangu. Ni moja tu duniani. Mama hakupenda kamera. Alisema inamtazama kama mdai. Nilimpiga kwa kumvizia, na kamera yangu ya kwanza, amekaa barazani anachambua mchele. Flashi ikawaka, akafumba macho. Basi. Hakukubali tena.

Alipofariki nilikuwa baharini. Habari ilinifikia siku tatu baadaye, nikiwa nawaambia watalii wacheke kidogo. Nahodha alisema bandari ya karibu ni safari ya siku tano. Ndugu zangu walimzika bila mimi, mtoto wake wa pekee wa kiume. Niliporudi sikukuta hata mkeka wa msiba. Nilikuta picha ile tu, mama amefumba, kama amekataa kunitazama.

Nikamfumbua.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya chai, nilisimama mbele yake. "Shikamoo, mama." Kisha nikamweleza. Madeni ya moyo wangu yote. Kwamba anisamehe. Kwamba niliomba waigeuze meli, wakanicheka. Mambo ambayo mke wangu hayajui, nilimwambia mama. Mke wangu alipita na kikombe chake akasema, "Msalimie na mimi, kabla hujamchosha." Na siku nyingine, nikimaliza, niliona kabisa kwamba macho yale yamenielewa. Yalikuwa yanang'aa kidogo. Niliondoka mwepesi.

Sasa mniambie ningeyafumba vipi.

Siku tisa zile sikumsalimia. Nilipita sebuleni nimeinamisha kichwa, naona soksi zangu tu. Nilihisi ananifuata kwa macho hadi mlangoni. Siku ya kumi, jioni, mke wangu alikuwa amekwenda kumwona dada yake. Nilikuwa peke yangu. Taa sijawasha bado.

Harufu ikaja kwanza.

Siki...

Mlango ukagongwa mara moja tu. Nikaufungua. Alisimama pale bila fimbo, bila wa kumshika mkono, na miwani ameishika mkononi.

"Karibu," nikasema, maana mdomo uliozoea ukarimu haujui kuogopa.

Akaingia.

Hakupapasa.

Alikizunguka kistuli cha kahawa. Aliinua mguu pale zulia lilipojikunja. Akapita kati ya makochi mawili, mahali ambapo mimi mwenyewe huwa najigonga goti, kama mtu aliyezaliwa humo ndani. Nikavuta kiti nikae.

"Si hicho," alisema bila kunigeukia. "Mguu wa nyuma umelegea. Jana mkeo nusura aanguke."

Nikakiacha.

Uso wake wa kweli ulikuwa umeelekea ukuta mtupu. Lakini nilijua ananitazama. Nilihisi kutoka juu, kutoka upande wa kushoto, pale msumarini. Nikainua macho kumtazama mama. Mchele mapajani, ungo, mkono umeinuliwa. Na yale macho. Nilinyanyua mkono wangu kidogo, kumjaribu.

"Shusha mkono," alisema mwanamke. "Nakuona."

Nikaushusha. Saa ya ukutani ilikuwa inahesabu.

"Asubuhi hukunisalimia," akasema. "Siku kumi sasa. Nilidhani nitalala. Silali. Nasubiri. Inafika saa ile naamka, namtazamia mlangoni mtu mzima anayekuja kulia mbele yangu, na haji. Umenizoesha, kaka. Hicho ndicho kibaya kuliko vyote."

"Yale niliyosema..."

"Nimeyasikia yote. Ya meli. Ya siku tano. Ya yule mwanamke wa bandarini pia."

Nikafumba uso kwa viganja. Mtu wa umri wangu, mwenye wajukuu wawili, nikaungua masikio kama kijana aliyekutwa nyuma ya shule.

"Nilikuwa nakuitikia," aliongeza taratibu. "Kila uliponiamkia, nilisema marahaba. Nilikuwa kwangu, kitandani, nasema marahaba kwa mtu ninayemchukia. Ulisikia hata siku moja?"

Kuna siku nilisikia. Nilijua ni mama.

Nikapanda stuli. Nikaishusha picha. Ilikuwa na uzito ambao karatasi na kioo haviwezi kuwa nao, na kwa nyuma ilikuwa ya vuguvugu, kama kichwa cha mtu mwenye homa. Nilipoigeuza kuelekea sakafuni, mwanamke akayumba, akanyoosha mikono mbele yake, akashika hewa.

Giza lilimfikia.

Nilipoigeuza tena, mikono yake ikashuka.

Mimi nimecheka mazishini, nimecheka mahakamani, nimecheka siku daktari aliponionyesha picha ya moyo wangu na nikamuuliza kama anaweza kunipunguzia kivuli. Jioni ile sikupata hata pumzi ya kuchekea. Nilipiga magoti sakafuni, mama mapajani mwangu, vidole vyangu juu ya kioo, nikashindwa.

"Niachie hii moja," nikanong'ona. "Zote nimekufungia. Faili nimefuta. Mimi sikumzika, dada. Sikumwona. Hakuniona. Nina hii tu. Nikiyaondoa haya macho, mama yangu ataniona kwa macho gani?"

Uso wake ulibaki umeelekea ukutani, na kutoka mapajani mwangu yale macho yakanitazama bila kupepesa.

"Mama yako hajawahi kukutazama kutoka pale," akasema. "Ni mimi, na nimechoka kuitwa mama."